Sakafu ya Chumba cha Ndani

Nyumba ya Bi Zuleha binti Sefu, mjini Kasulu, ilisifika kwa sakafu yake. Haikuwa ya simiti. Simiti ilikuwa dukani tu, mbele, ambako mumewe, Mzee Gharibu, aliuza chumvi, kanga, mafuta ya taa na majembe. Vyumba vya nyuma vilikuwa vya udongo kama vya majirani wengi, lakini udongo ule ulifagiliwa asubuhi na alasiri, ukanyunyiziwa maji, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu na laini. Wageni walivua viatu barazani bila kuambiwa.

Chumba kilichotunzwa kuliko vyote kilikuwa cha ndani. Asubuhi Bi Zuleha alifundisha humo watoto wa kike kusoma Kurani. Kila Alhamisi baada ya magharibi, Mzee Gharibu na wenzake walikaa humo wakawasomea Yasini marehemu wao.

Mwaka 1974 magoti ya Bi Zuleha yalianza kumkatalia. Rosa, msichana aliyemsaidia kwa miaka mingi, alikuwa ameondoka na wazazi wake watu walipohamishiwa katika vijiji vipya. Kwa muda Bi Zuleha alifagia mwenyewe huku ameegemea ukuta. Ndipo jirani yake Winifrida, muuza maharage, alipokuja na mwanamke mwembamba aliyebeba kifurushi.

“Bi Zuleha, nimekuletea mtu,” alisema Winifrida. “Anaitwa Esteri. Ni wa ng'ambo, lakini Kirundi chao na Kiha chetu ni ndugu. Kiswahili chake kinachechemea. Mikono haichechemei.”

Esteri alikuwa ameuvuka mto Malagarasi mwaka 1972, wakati wa mauaji ya kwao. Yeye na mumewe, Havyarimana, walipotezana njiani usiku. Kabla ya hapo walikuwa wamepatana kwamba atakayefika salama amngoje mwenzake Kasulu, karibu na soko. Kwa hiyo alingoja. Wakimbizi wengi walikuwa wamekwisha kupelekwa kwenye makazi mapya upande wa Tabora, na Esteri aliamini kwamba asiye na mwenyeji mjini atapandishwa lori siku yoyote.

“Nikipelekwa huko, mama,” alimwambia Bi Zuleha siku ya kwanza, “akija atanipata wapi?”

Bi Zuleha alimpa kibanda cha uani, kile kilichokuwa stoo ya kuni.

Wiki za mwanzo zilimpa Bi Zuleha mashaka madogo madogo. Uwanja ulifagiliwa vizuri ajabu, kwa mistari iliyonyooka, lakini chini ya kitanda vumbi lilibaki. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu zikang'aa ndani, huku masizi ya nje yakiachwa kama yalivyo. Maji ya kunyunyizia sakafu yalimwagwa mengi mno, na siku moja Mzee Gharibu aliteleza, akashika fremu ya mlango.

“Huyu mtu wako anataka tupande mpunga humu ndani?” aliuliza.

Bi Zuleha alicheka, lakini hakumwambia Esteri neno. Alisubiri aende kisimani, kisha akainama kwa taabu na kufagia mwenyewe chini ya kitanda.

“Mwambie tu!” Winifrida alimgombeza. “Kwani masikio yake ya kuazima, utayaharibu?”

“Nitamwambia.”

“Utamwambia lini? Magoti yakishakatika?”

Winifrida hakujua asili ya kimya kile. Bi Zuleha aliletwa Kasulu kutoka Ujiji akiwa bibi harusi mdogo. Katika mwezi wake wa kwanza mama mkwe wake aliona masizi kwenye chungu, akawaita majirani watatu waje kutazama mke aliyeolewa na mwanawe. Walikuja wakatazama. Mama mkwe alikufa zamani, na Bi Zuleha alimuuguza vizuri mpaka mwisho, lakini siku ile haikumtoka. Alijiapia kwamba mwanamke yeyote atakayefanya kazi chini ya paa lake hataaibishwa kwa sababu ya kazi yake.

Katika kiangazi cha mwaka ule Mzee Gharibu alikwenda Kibondo kupeleka bidhaa, akaahidi kurudi Alhamisi. Jumatatu Bi Zuleha aliitwa msibani upande wa pili wa mji, akalala huko. Aliporudi Jumanne mchana alikuta Esteri amesimama uani akimngoja. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa akitabasamu.

“Karibu, mama. Njoo uone.”

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ilikuwa harufu ya zizi. Sakafu yote ya chumba cha ndani ilikuwa imesilibwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe, kwa ustadi mkubwa. Alama za vidole zilikwenda kwa nusu duara, moja ikiingia ndani ya nyingine, kutoka ukuta hadi ukuta. Hapakuwa na ufa wala vumbi.

“Nilikwenda alfajiri kwa wafugaji, kule bondeni,” Esteri alieleza haraka, maneno yake yakikanyagana. “Niliomba amase ya ndama, ile laini. Kwetu, chumba cha wazee, chumba ambamo Mungu anatajwa, hakifagiliwi tu. Kinasilibwa. Mama yangu alinifundisha. Nimeona hapa mnamtaja Mungu kila siku, nikasema, kwa nini sakafu inabaki uchi?”

Bi Zuleha alishika fremu ya mlango. Alikuwa amesoma vya kutosha kwa baba yake kule Ujiji kujua hukumu ya jambo lile. Kinyesi cha ng'ombe ni najisi. Hapaswaliwi juu yake. Angeweza kutandika mkeka sakafu ikikauka, na sala ingekuwa sahihi. Lakini watoto huja moja kwa moja kutoka kutawadha, nyayo zao zikiwa zimelowa, na wangebeba najisi ile mpaka mikekani, mpaka kwenye mavazi yao, mpaka makwao. Na Alhamisi wangekuja wanaume.

Alimtazama Esteri. Akasema, “Umechoka, mwanangu. Nenda kanawe, upumzike.”

Kisha alifunga mlango wa chumba kile.

Asubuhi ya Jumatano alitandika mikeka barazani. Watoto walipouliza, alisema chumba kinavuja.

“Bibi,” alisema Shamsia, mdogo wao kuliko wote na mwenye ulimi mrefu kuliko wote, “mbona mvua haijanyesha tangu Mwajuma huyu atuletee ubuyu?”

Wenzake walicheka kwa kujificha nyuma ya juzuu zao. Bi Zuleha aliwaamuru wasome kwa sauti. Lakini alipoinua macho alimwona Esteri pembeni ya nyumba, ufagio mkononi. Esteri aliwatazama watoto waliobanana barazani juani, kisha akautazama mlango uliofungwa. Aliuweka ufagio wake ukutani taratibu na kwenda uani.

Siku ile nzima Bi Zuleha alilipima neno lake. Akimwambia, atakuwa amesema kwamba heshima kubwa kuliko zote aliyoletewa na mwanamke yule ni uchafu. Asipomwambia, Mzee Gharibu atarudi na kujionea mwenyewe. Alimjua mumewe. Aliwahi kuosha sahani mara saba kwa sababu mbwa wa jirani aliinusa tu, na fundi mmoja aliyeingia na viatu chumbani mle hakuajiriwa tena. Mzee Gharibu akiingia mle bila kutayarishwa, Esteri hatalala pale siku nyingine. Ataondoka na kifurushi chake, na lori litamkuta njiani. Basi aseme nini, na amwambie nani kwanza?

Alfajiri ya Alhamisi uamuzi ulimponyoka. Alipotoka kwenda kutawadha, alimkuta Esteri ameketi mlangoni pa kibanda, kifurushi kimefungwa miguuni pake.

“Unakwenda wapi?”

“Sijui, mama.”

“Nani amekufukuza?”

“Mlango,” alisema Esteri. “Nimesiliba chumba, mlango umefungwa. Watoto wanakaa juani. Hunigombezi. Mtu ambaye hagombezwi, huyo wamekwisha kumwacha.”

Bi Zuleha aliteremka polepole mpaka akaketi chini, kwenye udongo, kando yake. Magoti yalilia.

“Sikiliza,” alisema. “Nilinyamaza nikidhani nakuhurumia. Sasa nitakwambia, na neno lenyewe ni chungu. Katika dini yetu samadi ya ng'ombe ni najisi. Mahali ilipo hatuswali. Si mkono wako uliochafua. Ni sharti la sala yetu, na sikuliweka mimi.”

Esteri alizigeuza kucha zake, ambazo bado zilikuwa na rangi ya kijani.

“Mama yangu alilazwa juu ya sakafu ya namna hiyo siku aliyokufa,” alisema mwishowe. “Niliisiliba mimi. Basi alilazwa kwenye uchafu?”

“Hapana.”

“Umesema najisi.”

“Kwenye sala yangu ni najisi. Kwa mama yako ilikuwa heshima. Yote mawili ni kweli, Esteri, na mimi sina elimu ya kuyafanya yawe moja.”

Esteri alilia bila sauti, kwa muda mrefu. Kisha aliuliza, “Mzee anajua?”

“Anarudi leo. Nitamwambia mwenyewe, wala sitamficha. Lakini nataka nimwambie chumba kikiwa kimekwisha kusafishwa. Lete jembe.”

Hakuna aliyewahi kumwona Bi Zuleha na jembe ndani ya nyumba. Aliwarudisha watoto makwao, akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti juu ya gunia. Esteri alikwangua upande wa dirisha, yeye akakwangua upande wa mlango. Tabaka lilitoka vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na nusu duara lake la vidole. Esteri alivipanga ndani ya kikapu badala ya kuvitupa. Kikapu kilipojaa alisimama nacho mikononi.

“Mama, nimwage wapi?”

Bi Zuleha aliinua uso, jasho likimtiririka. Aliona jinsi kikapu kilivyoshikwa.

“Kibandani mwako siswali mimi,” alisema. “Kule ni kwako.”

Esteri aliinamisha kichwa. “Ego,” alikubali kwa lugha yao, na akatoka.

Walileta udongo wa kichuguu, wakaumwaga, wakaushindilia. Kisha Bi Zuleha alimwaga maji safi kila mahali, akamwonyesha Esteri kiasi kinachotosha. Akamwonyesha pia vumbi la chini ya kitanda, na masizi ya nje ya sufuria. Alishangaa jinsi maneno yale yalivyotoka kwa urahisi sasa. Esteri alisikiliza, akauliza hili na lile, na kuhusu masizi alibisha kidogo, akisema chungu kinachong'aa nje hupika polepole.

“Basi tutakula tumechelewa,” alisema Bi Zuleha, “lakini utakisugua.”

Mzee Gharibu alifika alasiri, vumbi la barabara ya Kibondo limemjaa ndevuni. Hata kabla hajaketi alivuta pumzi puani.

“Zuleha, tumenunua ng'ombe?”

Hapo ndipo alipomweleza yote, akiwa amesimama, bila kupunguza: samadi, Jumanne, uongo wake kwa watoto, kikapu. “Kama kuna kosa,” alimaliza, “la siku hizi tatu ni langu, kwa sababu nilijua na sikusema. Yeye hakujua.”

Mzee Gharibu alivua viatu, akaingia chumba cha ndani. Alikaa humo kitambo. Bi Zuleha alisikia akitembea, akisimama, akitembea tena. Uani, Esteri alikuwa ameketi karibu na kifurushi chake, ambacho bado hakukifungua.

Mzee alitoka na viganja vyenye udongo mbichi. Alikuwa ameipapasa sakafu kwa mikono yake.

“Hapa patasomwa Yasini leo,” alisema. Kisha akatazama upande wa uani. “Mwambie mwanamke yule mlango wa kibanda chake unatazama upepo. Awe anaufunga jioni, wenzangu wasije wakadhani nimeanza ufugaji.”

Bi Zuleha alikwenda kumwambia. Esteri alisikiliza, akaingia ndani na kifurushi.

Havyarimana hakuonekana mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Siku za soko Esteri aliomba ruhusa ya saa moja, akasimama pale walipopatana, kisha akarudi kazini. Jioni moja ya siku ya namna hiyo hakuja jikoni, na Bi Zuleha alimfuata kibandani. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Sakafu ilikuwa imesilibwa, nusu duara ndani ya nusu duara, na Esteri ameketi katikati yake, gizani.

Bi Zuleha alivua viatu mlangoni. Alikuwa amekuja na mkeka wake kwapani. Hakuuficha, na Esteri aliuona. Akasogea, akapangusa mahali kwa kiganja, ingawa palikuwa safi. Bi Zuleha akautandika, akaketi.