Radhi Niliyoiulizia Ngezi

Dada yangu mkubwa ndiye aliyesema twende msitu wa Ngezi. Nyumbani kwetu Konde hapakuwa na nafasi ya kuzungumza. Tangu niliposhuka kwenye gari ya Wete, siku mbili kabla, watu walikuwa wakija kunitazama, wengine wakinishika mkono na kuubonyeza ili wahakikishe una nyama. Nilikuwa mtu aliyekwisha kusomewa hitima.

Niliondoka kijana, kwa mashua ya Tanga, bila kumuaga yeyote. Wiki hiyohiyo mashua nyingine iliyotoka Wete ilizama, na kwetu wakaamini nilikuwamo. Mwaka uliofuata, sokoni Tanga, Mpemba mmoja alinitazama kama anayetazama jini. Akaniambia nimeshaswaliwa ghaibu na arubaini yangu imepita. Ningeweza kumpa barua siku ile. Badala yake nikamwomba asiseme kitu, nitakwenda mwenyewe, furaha iwe kubwa. Kisha nikapata kibarua Moshi, kisha Mombasa, kisha Songea, na kila mji nilijiambia, baada ya hapa. Ikapita miaka kumi na moja. Niliporudi, mama alikuwa na miezi minne kaburini.

Nilitaka kujua jambo moja tu: kama aliniachia radhi. Nilipoondoka sikumwomba, na kote nilikopita nililala nikijua sikumwomba.

Mlangoni mwa msitu tulipokewa na mlinzi, mtu mzima mwenye buti za mpira.

"Mnatoka wapi?"

"Mie Konde hapa," dada akasema. "Huyu katoka akhera."

Mlinzi akacheka. "Basi yakhe atueleze kuko vipi huko. Nifuateni, njia ina utelezi."

Tulipokuwa wadogo mama alituleta ukingoni mwa msitu huu kukata ukindu wa mikeka yake. Ndani hatukuingia, alisema miti ile ina wenyewe. Sasa ukindu haukatwi tena na njia imefyekwa kwa ajili ya wageni. Miti ya mijoho ilikuwa imenyooka, mashina yake manene kiasi kwamba mimi na dada tusingeyazungushia mikono tukishikana. Ilikuwapo kabla ya Mapinduzi, na pengine kabla ya mtu wa kwanza kulima Konde. Chini yake palikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza. Mlinzi alikuwa akituonyesha popo waliojitundika juu, lakini mimi nilikuwa nikitazama mgongo wa dada. Alikuwa ameanza kutembea kama mama, bega moja chini.

Mlinzi alipotangulia kidogo nikamuuliza.

"Dada, mama aliniachia radhi?"

Hakugeuka. "Siku ya mwisho alituita mmoja mmoja. Mie akanipa radhi. Mdogo wetu akampa. Hata yule jirani waliyekuwa wakigombania kuku, naye akampa."

"Na mimi?"

"Weye ulikuwa maiti. Maiti hapewi radhi, huombewa dua. Kila Ijumaa alikusomea Yasini, hakuacha hata alipokuwa hawezi kukaa."

"Basi nipe weye, kwa niaba yake."

"Nitakupaje kitu si changu?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Alikaa kwenye mzizi uliotokeza juu ya ardhi, akavua kiatu kimoja, akakung'uta tope, na hakukivaa.

"Kule Tanga," akasema, "yule mtu alikwambia tumeshakuswalia?"

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote habari ya sokoni. Sijui kama alisikia au alikisia. Nikasema, "Ndiyo, aliniambia."

Akatikisa kichwa polepole. "Unajua mama kafa vipi? Hakuogopa hata kidogo. Mie nalia, yeye ananiliwaza. Ananiambia, usinililie, nakwenda kumwona mwanangu. Akataka achanwe nywele, akukute kajitengeneza. Nilimchana mie. Nikamwambia akufikishie salamu zangu."

Mbele, mlinzi alituita. Alisema tumekaribia mti mkubwa kuliko yote, tusirudi bila kuuona. Dada akavaa kiatu chake, akainuka, akamfuata. Mimi nikakaa chini. Nikabaki pale nimeuegemea mzizi, nikisikia sauti zao zinakwenda mbali, mpaka waliporudi kunichukua.