Viatu vya Siku ya Upepo

Juzi redio ilipotangaza upepo mkali, jirani yangu hapa Runazi alipandisha mawe juu ya bati. Nikamkumbuka mama.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, upepo ulileta harufu ya vumbi lililolowa, na bati likawa linagongagonga. Mama hakutafuta mawe. Alifunga sufuria na maharage kwenye kitenge, akafungua, akafunga tena, kisha akatuvalisha sisi watoto viatu, tukakaa karibu na mlango. Nilidhani viatu ndivyo vinavyomzuia mtoto asipeperushwe, nikakaza kamba.

Upepo ulipotulia nilimuuliza, "Mama, tuvue?"

"Bado," alisema, macho yakiwa barabarani.

Sasa najua kwamba alipokuwa na umri wangu wa siku ile, alikimbia vita kutoka Burundi, miguu peku.