Pete ya Mti wa Kahawa

Desemba hii nimepanda nyumbani Uru, juu mlimani, na baiskeli ya BMX kwenye keria ya gari, zawadi ya kumpelekea binti yangu, niliyoinunua mjini Moshi. Kijana wa dukani aliizungusha pedeli kwa kidole, ikaenda na kuendelea kwenda bila mlio wowote. "Hii ni sealed, sista," akaniambia. "Beringi zimefungiwa humo humo ndani. Hugusi kitu, huna stress." Nikamuuliza kama zile za gololi bado zipo. Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa habari za kibatari. Nami, rafiki yangu, nilisimama pale dukani nikatamani kusikia mlio.

Labda nianze na jinsi tulivyoishi. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kihamba, migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini wakisubiri majani waletewe. Tulikuwa bibi, mama na mimi. Baba alifanya kazi Dar es Salaam, na kama wanaume wengi wa kwetu, alikuwa mtu wa Desemba. Krismasi ikikaribia, kijiji kilijaa magari na vicheko, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikachachuka, mbuzi wakakosa amani. Januari ikiingia wanaume hao walishuka wote, nasi tukabaki na wazee, na makopo matupu ya biskuti ambamo bibi aliweka sindano na nyuzi.

Krismasi moja baba alikuja na BMX ya mtumba. Ilikuwa nyekundu, rangi imebanduka hapa na pale, na hakuna mtoto mwingine pale mtaani kwetu aliyekuwa na kitu kama kile. Asubuhi ya kuondoka aliweka mkono juu ya tandiko akasema, "Nikirudi niikute inatembea." Basi. Mimi ndiye niliyeyaongezea yale maneno mkia: akiikuta inatembea, hataondoka tena. Sikumwambia mtu. Niliilaza imani hiyo chini ya mto wangu mwaka mzima.

Na baiskeli niliitunza, Mungu anajua. Kila jioni, nikishatua mzigo wa majani ya ng'ombe, na mama yuko jikoni anaponda kiburu mpaka harufu ya maharage na ndizi inanifuata njiani, niliisukuma mpaka kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka juu mlimani. Niliilaza humo ubavu huu, kisha ubavu ule, nikaisugua kwa majivu na nyuzi za mgomba. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vidole. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," bibi alinitania akipita na ndoo ya maziwa.

Hakuna aliyenieleza kwamba maji ya mfongo hubeba udongo laini kama unga, na kwamba udongo ule, pamoja na majivu yangu, ulikuwa ukiingia pale krenki, chuma kinachobeba pedeli, inapopita kwenye fremu, ukifukuza grisi na kukaa mahali pake. Kahawa ilipoanza kuiva, pedeli zikaanza kusaga. Siku moja nikiwa kwenye mteremko, kikombe cha ndani kinachoshika gololi kikapasuka, zikamwagika njiani moja baada ya nyingine. Kuku wa jirani wakazikimbilia wakidhani ni mahindi. Mimi nilikaa chini nikalia, na sikuwa nalilia chuma.

Siku ya soko bibi alijitwika mkungu wa ndizi, mimi nikasukuma baiskeli, tukateremka mpaka Njoro, mjini Moshi, kwa fundi. Alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma, na kibanda chake cha mabati kilinuka grisi na buni iliyokaangwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari anachungulia pale palipopasuka. Mahali pale alipaita tumbo la baiskeli.

"Matumbo hayafanani, mjukuu wangu," aliniambia. Lile la baiskeli nyeusi za wazee ni jembamba na lina hesi, vikombe vyake vinafungwa kama kifuniko cha chupa, na krenki zinashikwa kwenye ekseli kwa misumari minene iitwayo kotapini. La BMX yangu lilikuwa pana, halina hesi, vikombe vinagongwa kwa nyundo, na krenki yake ni fimbo moja ya chuma iliyopindwa, kulia na kushoto ni mtu mmoja. Aina ya tatu alikuwa ameiona mara moja tu kwenye baiskeli ya mgeni, beringi zake zimezibwa kabisa. Hiyo hakuipenda. "Ile ikifa imekufa," alisema. "Haikupi nafasi ya kuiuguza."

Vikombe vya tumbo pana havikupatikana Moshi yote. Fundi alishika ekseli ya baiskeli nyeusi akaipitisha kwenye tumbo la baiskeli yangu, ikacheza humo kama mchi kwenye kinu. Akasema labda ingepatikana pete ya mti mgumu, mkavu, usiopasuka, ijaze lile pengo na kuvishika vile vikombe vyembamba. Bibi alikuwa akinywa kahawa aliyokaribishwa, chungu, kwenye kikombe kidogo. Alikuwa amelima kahawa maisha yake yote, na sisi nyumbani tulikunywa chai. Alikunja uso, akameza, akasema, "Mti ninao."

Alikuwa nao kweli. Juu ya dari, penye moshi wa jikoni, palikuwa na shina la kahawa alilolikausha kwa miaka ili achongewe mchi mpya. Lilikuwa gumu kama pembe. Fundi alilikata vipande, akavitoboa, akavichemsha kwenye oili chafu, akavigonga ndani ya tumbo la BMX. Bibi aliendelea kutwangia mchi wake wa zamani uliolika upande mmoja mpaka mwisho wa siku zake.

Baiskeli ikatembea. Krenki zilikuwa ndefu, za baiskeli ya mtu mzima, hivyo magoti yangu yalikaribia kidevu na kila kona pedeli ililamba vumbi. Na ililia. Kwiii-kwa, kwiii-kwa, mti ukijibizana na chuma. Mama alisema hahitaji tena kuniita, anajua nimefika mgomba upi. Bibi alikuwa na msemo wake kila alipopakua chakula, asiyekuwepo na lake halipo, lakini ikifika Desemba alimwekea baba nyama ya mtori, supu yetu ya ndizi, kabla hajafika, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha msemo wake.

Baba alipofika Desemba ile, jioni, nilikuwa nimeshateremka kumlaki mpaka barabara kubwa. Alinisikia kabla hajaniona. Aliweka mabegi chini, akachuchumaa, akaipapasa ile pete kwa kidole gumba, akainusa. "Hili ni shina la mama yangu," alisema, akainusa tena. Nilimtazama nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, kwa sababu nilijua nimeshinda.

Januari akaondoka. Nilimsindikiza nikiendesha pembeni yake polepole, baiskeli inalia, nikingoja ageuke turudi nyumbani. Alipopanda basi aliniwekea mkono kichwani akasema, "Mwakani niikute inatembea." Nilirudi nyumbani nikiisukuma. Sikutaka mtu yeyote asikie ule mlio.

Bibi ametutoka, na fundi pia, pale kibandani kwake sasa wanauza vocha na makava ya simu. Kahawa nyingi imeng'olewa, wamepanda parachichi, na mfongo umekauka, una chupa za plastiki na majani makavu. Fremu nyekundu nimeikuta ikining'inia bandani, imeliwa na kutu, lakini pete ya bibi imo bado, nzima. Vinaniuma vitu hivi, sitakuficha. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hizi mtu wa Desemba ni mimi, na mama yangu ndiye bibi anayebaki na binti yangu.

Binti yangu ameizunguka nyumba kwa baiskeli yake mpya siku zote hizi, kimya, hata sijui yuko upande gani. Leo asubuhi, mabegi yangu yakiwa tayari mlangoni, aliisimamisha mbele yangu akaniuliza, "Mama, nikiitunza vizuri, utabaki?"

Yale maneno ya baba yalinijia mpaka kwenye ulimi, nikayameza. Nilipiga magoti nikamfuta vumbi usoni.

"Iendeshe tu, mwanangu. Hata ikivunjika vipande vipande, nitakuja hivyo hivyo."