Kalunguyeye wa Tjitske

Jirani yangu Wobbe Dijkema aliendesha basi mpaka akastaafu, na tangu hapo ukali wote wa barabarani ameuhamishia bustanini. Hapa kijijini kwetu Friesland, Uholanzi, bustani chafu ni aibu, na Wobbe hafagii tu, huwinda jani. Mkewe Tjitske hayuko hivyo. Majira ya baridi huyaacha mabua yasimame kwa ajili ya ndege, na Jumapili huenda mbugani kutazama mabata bukini. Wobbe hajawahi kumsindikiza.

"Bata ni bata," husema. "Ukimwona mmoja umewaona wote."

Novemba Tjitske aliokota kalunguyeye mchanga, mdogo kuliko ngumi. Mnyama huyu wa miiba hulala majira yote ya baridi, na asiponenepa kwanza hufia usingizini. Basi akawa anamlisha chakula cha paka na kumpima kila jioni kwenye mizani ya jikoni, Wobbe akilalamika kwamba keki zitanuka miiba. Aliponona, mdogo huyo akajichimbia kwenye lundo la majani nyuma ya banda, akalala.

"Lundo lile usiliguse," Tjitske alimwambia mumewe asubuhi ya kwenda mjini Groningen, kwa dada yake, wazurure madukani wikendi nzima.

"Ndiyo, ndiyo," akaitika Wobbe, masikio yake yote yakiwa kwenye redio.

Nampenda sana mzee huyu, lakini kusikiliza hajaumbiwa. Alitaka mkewe akirudi akute bustani inang'aa. Jumamosi mchana nikasikia ukelele juu ya ua.

"Jirani! Njoo! Jirani, nimeua!"

Hakuwa ameua. Reki ilikuwa imemfunua kalunguyeye, naye ameamka, anatetemeka. Ubaya ni kwamba kuamka katikati ya baridi humlia mnyama akiba yote ya mwilini. Tukamlaza bandani ndani ya boksi la nyasi kavu, na sahani ya chakula pembeni.

"Tjitske asijue," Wobbe akaninong'oneza.

"Mpigie simu sasa hivi, la sivyo nampigia mimi."

Alipiga. Tjitske akarudi kwa treni ya jioni ileile.

"Neno moja, Wobbe! Neno moja tu nilikwambia!"

"Nilitaka pawe pasafi."

"Pasafi! Akifa je, utamfagia naye?"

Jumapili hiyo hakwenda mbugani wala hakumsemesha mumewe. Wobbe naye akahamia bandani. Alibadilisha chakula, akazibia upepo kwa koti lake zuri, na kila sahani ilipoliwa alikuja kunigongea dirisha kunipa habari.

Kisha asubuhi moja hakugonga. Nikaenda, nikamkuta ameketi juu ya ndoo, analia kama mtoto.

"Hajala," alimwambia mkewe aliyesimama mlangoni. "Hata kidogo. Nimekuulia mtoto wako, mke wangu."

Tjitske akapiga magoti, akafunua nyasi, akainamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu, nami nikashindwa kutazama.

"Wa baridi," akasema. "Lakini tumbo linapanda... subiri... linashuka. Ameshiba, Wobbe. Amelala tena."

Mzee akazidi kulia. Tjitske akamfuta machozi kwa kiganja, akamwinua.

"Haya, njoo ndani unywe kahawa, mpumbavu wangu."

"Tangulia tu," Wobbe akajibu kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Na mlango urudishe polepole. Kuna mtu amelala."