Nilifunika sauti ya Baba Kulwa kwa muziki wa harusi

Wakuu, habari za huko mliko.

Siku zote nasoma nyuzi zenu nacheka peke yangu. Leo acheni na mimi niandike. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe pale Mabatini, Mwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Miaka ile vitu ndo vilikuwa vinaingia. TV, deki, kompyuta. Bosi wangu alikuwa na studio ya picha, akaleta kompyuta ya kuedit video na mashine ya kuburn CD.

Mimi nina la saba yangu tu. Nilijifunza kwa kubonyeza bonyeza mpaka ikakubali. Moyoni nilishajiona director mkubwa. Nilikuwa napita mitaani nimeshika CD tupu mkononi, ili watu waone tu.

Vijana wa leo mnaedit kwenye simu mmelala. Enzi zetu harusi moja ilijaza hard disk yote. Ukishaburn CD unafuta project nzima ndo uanze ya mtu mwingine. Na mkanda wa kamera nao haupumziki, Jumamosi inayofuata unarekodi harusi nyingine juu yake.

Hilo ndo lililoniponza.

Ikaja harusi ya dada mmoja wa Igogo, anaitwa Kulwa. Asubuhi nikaenda kwao na kamera. Magari yalipoondoka kwenda kanisani, akina mama wote wakakimbilia nje na vigelegele.

Baba yake hakwenda, alikuwa anaumwa miguu. Alibaki kwenye kiti mlangoni, anaangalia njia gari la binti yake lilikopita.

Kabla sijawafuata kanisani nikabaki kidogo namrekodi, hatua mbili tu kutoka kwake.

Akaanza kuongea. Taratibu, kwa Kisukuma, peke yake. Hata hakuniangalia.

Mimi ni Mkerewe, Mwanza nilikuwa na mwaka mmoja tu. Kisukuma changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu.

Wakati wa kuedit nilimsikiliza kwenye headphone kama mara nne, natafuta pa kukata. Nikaona hapa patapoa. Mzee anaongea peke yake, nani atasikiliza? Na fasheni ya wakati ule, video ya harusi lazima iwe na muziki mwanzo mwisho.

Sura yake nikaiacha maana ilitoka vizuri. Sauti nikaizima, nikaweka wimbo wa mapenzi.

Nikaburn. Nikafuta.

Kulwa alifurahi mpaka akanifuata studio. "Kaka, wewe ni fundi! Majirani wamejaa sebuleni hadi kiti kimevunjika!"

Kichwa kilinivimba wiki nzima.

Hata mwaka haukuisha, mzee akafariki.

Wiki chache baada ya msiba Kulwa akaja tena. Amenyoa nywele, CD ameifunga kwenye leso.

"Kaka, pole na kazi."

"Asante dada. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa. Kuna sehemu baba anaongea, sisi tumeshaondoka. Muziki umemfunika. Utoe basi, nimsikie."

Nikamweleza yote, habari ya hard disk na habari ya mkanda. Akawa anaitikia tu, "ee... ee..."

Halafu akauliza, "Lakini wewe si ulimsikia?"

"Nilimsikia dada."

"Alisema nini?"

"Sijui. Alisema Kisukuma."

Wakuu, alicheka. Kile kicheko ambacho machozi yako nyuma yake. "Yaani baba yangu kaongea, kasikilizwa na Mkerewe!"

Akasogea karibu. "Jaribu hata neno moja. Sema ulivyosikia, mengine nitajazia mimi."

Nikafumba macho. Nikatafuta, nikatafuta.

"Doto," nikamwambia. "Alisema Doto. Mara mbili."

Akakaa kwenye kiti cha wateja.

Doto alikuwa pacha wake. Alizama ziwani wakiwa na miaka sita.

"Tangu siku ile baba hajawahi kulitaja hilo jina," akasema. "Mama akilitaja, baba anatoka nje. Kaka, una uhakika? Usiseme ili unifurahishe."

"Nina uhakika dada. Mungu ananiona."

Akaomba niweke CD. Ilipofika pale mlangoni akanyanyuka, akapunguza sauti ya TV mpaka mwisho. Wimbo wangu ukakata. Tukabaki tunaangalia mdomo wa mzee, kimya.

Nikarudisha nyuma. Tena. Na tena.

"Hapo," akasema, kidole kwenye kioo.

Kidogo tena. "Na hapo."

Alipotosheka akaifunga CD yake kwenye leso, akaniambia, "Asante, kaka."

Asante! Mimi niliyeifuta!

Kisukuma nilikuja kukijua vizuri, hata mke wangu ni wa huko huko. Lakini maneno ya mzee yalishatoka kichwani zamani. Wimbo niliouweka juu yake naukumbuka wote mpaka leo, na kiitikio chake.

Nilichojifunza: mtu akiongea mbele ya kamera, mwache aongee, hata kama humwelewi. Muziki utaupata popote. Na original usifute kabla wenyewe hawajaangalia na kusikiliza.

Sasa nina ombi. Wasukuma mliomo humu, hasa wenye mabinti walioolewa. Mzee amebaki mlangoni peke yake, binti ameshaondoka, na pacha wa binti alikufa mdogo. Huwa mnasema nini pale?

Andikeni hapa chini, hata kwa kukisia. Kulwa bado yupo Igogo. Nitampelekea.