Ndoo ya Bi Arlene

Alama hii kwenye mkono wangu wa kulia ni ya meno ya mwanamke. Watu wakiniuliza huwa nasema nilinaswa na mashine kiwandani, na kwa kuwa hapa Kessler Bend, Iowa, kila nyumba ina mtu aliyepungukiwa kidole, hakuna anayeuliza mara ya pili. Mwenye meno hayo ni Bi Arlene Vavra, aliyefua jezi zetu katika misimu mitatu ya kwanza ya klabu yetu ya soka. Alifariki mwezi uliopita. Padri alimsifu kwa upole wake, nami nikauma ulimi nisicheke kanisani.

Tuliitwa Mapanga. Ligi yetu ilikuwa ya daraja la tatu, na ya kulipwa kwa jina tu. Alfajiri tulichinja nguruwe kiwandani, Jumamosi mchana tukachinjana na wageni kwenye uwanja wa shule ya sekondari, ardhi ngumu kama sakafu. Mashabiki wengi hawakujua kuotea ni nini. Walikuwa wamesikia kuna ngumi za kutazama, basi wakaja, na kwato za nguruwe mifukoni za kuwatupia mabeki wa wageni. Msimu wa kwanza, mwaka 1995, tulivunja miguu miwili na taya moja. Wenzetu nao hawakuja mikono mitupu. Mbavu zangu zinajua hali ya hewa kuliko redio.

Tatizo lilikuwa damu. Mchezaji mwenye damu kwenye jezi hutolewa nje, na refa hamrudishi mpaka jezi iwe safi. Timu zenye uwezo zilikuwa na jezi za akiba. Sisi tulikuwa na jezi moja kwa kila namba, na ndoo ya Bi Arlene.

Alikuwa amefua aproni za wachinjaji miaka ishirini na sita. Maji ya barafu, chumvi, ile dawa ya vidonda inayotoa povu, kisha brashi ya mbao. Dakika mbili, jezi nyeupe kama haijawahi kuvaliwa.

"Bi Arlene," nilimtania siku moja, "wewe ukiua mtu polisi hawapati kitu."

"Nikiua, Duane, nitaanza na kipa anayedaka kwa uso."

Jambo pekee ambalo hatukumtania ni la kaka yake. Mwaka 1971 ndoano ya kuning'inizia nyama ilimpiga Milo Vavra kichwani. Kiwandani nako damu ya mtu haitakiwi karibu na nyama: ukimwaga yako, mnyororo unaobeba mizoga unasimamishwa mpaka ubadilishe aproni. Milo alikaa kidogo, akabadilisha, akarudi kazini. Kabla ya saa ya chakula alianguka katikati ya mizoga akafa. Tulilolijua ni hilo tu, na mjini halikusemwa kwa sauti.

Mechi ya mwisho ya msimu wa tatu ilikuwa dhidi ya Port Ansel, wakata miti kutoka Wisconsin. Mshindi angeingia hatua ya mtoano, na mwenye klabu yetu, muuza matrekta, alikuwa ameapa kwamba tusipoingia anafunga klabu. Mimi, kipa, nilikuwa benchi. Nilikuwa nimefungiwa kwa kumpiga mtu ngumi ya shingo wiki iliyotangulia. Ngumi ile sijaijutia. Nimeijutia kadi nyekundu.

Dakika ya sabini tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Kocha Brandvold alikuwa amekwisha kubadilisha wachezaji wote alioruhusiwa. Mpira wa juu ukaja, mshambuliaji wetu Teo Escamilla akaruka, na beki wao Lindahl akaruka naye, kiwiko mbele. Kilimpata Teo ubavuni mwa kichwa. Mlio ule niliujua, ni wa nguruwe akigongwa nyundo. Teo alianguka, akainuka mwenyewe, akatembea taratibu mpaka benchi la Port Ansel akaketi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Tukamleta kwetu. Nyusi ilikuwa imepasuka na jezi imelowa mpaka kitovuni. Alifungwa bendeji kichwani, akavuliwa jezi, ikatiwa kwenye ndoo. Bi Arlene hakuinua brashi. Alikuwa akimtazama Teo machoni.

"Teo, mwanangu. Leo tunacheza na nani?"

"Osha, doña." Yeye peke yake alimwita hivyo, kwa heshima ya kwao Mexico. "Osha nirudi."

"Na nani?"

"Osha tu."

Bi Arlene akafunika ndoo, akaikalia.

Uwanjani tulikuwa kumi, na Port Ansel walikuwa wakitupiga mashuti kama wanaotwanga. Kocha akaja mbio.

"Arlene, jezi."

"Haijatakata."

"Hujaigusa!"

"Ndiyo maana haijatakata."

Alimkamata ukosi amwinue. Bi Arlene akampiga brashi puani, na pua ya kocha ikafunguka kama bomba. Jukwaani wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya burudani, kisha wakaelewa, na kwato zikaanza kutua kwetu. Moja ilimpata Bi Arlene sikioni. Hakushuka kwenye ndoo. Hapo ndipo mimi, mwanaume mzima, nilipomzunguka kwa nyuma nikaingiza mkono chini ya kifuniko. Niliishika jezi. Aligeuka akaniuma, akaendelea kuuma mpaka meno yakafika mfupani, nami nikaiachia.

"Milo aliniambia yuko sawa," akasema, damu yangu mdomoni. "Msimamizi akasema, Arlene, mpe kaka yako aproni safi, mnyororo umesimama. Nikampa. Nilimfunga kamba za nyuma kwa mikono yangu hii. Nikamwambia, haya, nenda."

Kocha akarudi nyuma, ameshika pua. Teo hakurudi nyuma. Alimbembeleza, akapiga magoti, akamtukana kwa Kihispania matusi ambayo hata mimi niliyaelewa. Mwisho akamtemea mate usoni. Bi Arlene akajifuta kwa aproni, akabaki amekaa. Dakika ya themanini na sita Port Ansel wakafunga.

Teo alipigwa picha ya kichwa hospitali, daktari akasema hana kitu, akashonwa nyuzi saba akaruhusiwa kwenda nyumbani. Habari hiyo ilizunguka mji mzima kabla ya Jumapili kwisha. Jumatatu Bi Arlene alifukuzwa. Muuza matrekta hakufunga klabu; alikuwa na mdomo tu, na leo Mapanga wana uwanja wao na mashine nne za kufulia. Teo alikwenda kucheza Texas miaka tisa, akafunga mabao mengi. Alipokuja kutembea hapa alivuka barabara asikutane na Bi Arlene.

Majira ya baridi ya mwaka ule aliofukuzwa nilikwenda nyumbani kwa Bi Arlene. Ningependa kusema nilikwenda kuomba radhi, lakini nilikwenda kumsuta. Mkono ulikuwa bado haukunjiki vizuri, na golini alikuwa amewekwa mtu mwingine. Nilimkuta jikoni akimenya viazi.

"Daktari alisema Teo hana kitu, Bi Arlene. Ulituangusha bure."

Hakuinua macho. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia majini.

"Milo naye daktari wa kiwandani alisema hana kitu," akasema. "Kaa hapo, Duane. Lete huo mkono niuone."

Nikakaa, nikauweka mezani.