Neno Nililolisema Bomani

Vita vya Wazungu vilipoanza, askari wa Mdachi walipita Ugogo wote wakikusanya ng'ombe wa kulisha jeshi. Kwa baba yangu walichukua wanane. Baba alikuwa mgonjwa, akawatazama wakitolewa zizini, na haukupita mwezi tukamzika.

Mdogo wangu wa kiume hakukubali. Ng'ombe wetu walikuwa bado wanachungwa pamoja na kundi la boma upande wa Kongwa. Alfajiri moja akawachomoa wanne, akawaficha milimani. Asubuhi hiyo alipita kwangu, miguu imejaa samadi, akaomba maji. Alikunywa kibuyu kizima akacheka. "Dada, baba atalala vizuri sasa."

Siku ya tatu akakamatwa. Hakuna aliyemwona akiwaswaga, ila mchungaji mmoja alimshuku. Mama akaja kwangu kwa miguu.

"Utasema siku ile alikuwa hapa, akikusaidia kupura uwele. Basi. Akida amesema neno lako litamtosha Bwana Shauri kule bomani, kwa kuwa ninyi watu wa misheni hamsemi uongo."

Nilikuwa nimebatizwa mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikaahidi kwamba ulimi wangu ni wa Mungu. Nikamwambia, "Mama, siwezi. Nitakwenda nimwombee msamaha, nitapiga magoti, lakini hilo siwezi kulisema."

"Huyo Mungu wako ndiye aliyekunyonyesha?"

Aliondoka bila kuaga.

Bomani walimleta mdogo wangu na mnyororo shingoni. Huyu nilimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, mpaka kiuno changu kikapinda. Bwana Shauri, Mdachi aliyekuwa akiamua kesi, alisema maneno machache, mkalimani akanigeukia: "Siku ng'ombe walipoibwa, ndugu yako alikuwa kwako tangu alfajiri?"

Nilianza kueleza kwamba ng'ombe walikuwa wa baba yetu. Mkalimani akanikata. "Hukuulizwa hayo. Alikuwepo au hakuwepo?"

Mama alikuwa amekaa chini ukutani, ananitazama mdomo. Mdogo wangu naye alinitazama, na nakumbuka hakuwa na hofu hata kidogo. Aliniamini.

"Hakuwepo," nikasema. "Alipita tu jua lilipokwisha kutoka."

Walimlaza palepale uwanjani wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nilitaka kuziba masikio, nikaona sina haki hiyo. Kisha wakamtia katika msafara wa wapagazi wa jeshi waliokuwa wanapelekwa kusini. Ng'ombe wale walipatikana, wakachinjwa na kuliwa na askari wale wale.

Hakurudi. Mpagazi mmoja aliyerudi alituambia alianguka njiani na mzigo kichwani, wakamwacha hapo alipoangukia.

Jumapili moja mwalimu wetu alisimama kanisani akakisimulia kisa changu, akawaambia watu waone mfano wa mwanamke aliyemtii Mungu kuliko damu yake. Wakaitikia amina. Ibada ilipokwisha nikamfuata. "Mwalimu, nakuomba usinisifu tena. Mama yangu haitikii salamu yangu."

"Malipo yako yako mbinguni, dada."

"Najua. Ila mimi bado naishi hapa."

Njaa ilipokuja nilimpelekea mama uwele kidogo, nilioupata kwa kulima shamba la misheni. Aliupokea kwa mikono miwili, akatoka nje ya tembe, akaumwaga kwenye vumbi mbele ya macho yangu. Majirani wenye watoto waliuokota punje kwa punje. Alikufa kabla mvua hazijarudi, na mashangazi zangu wakanizuia nisiusogelee mwili.

Nimeulizwa mara nyingi kama ningepata nafasi tena ningesema nini. Ningesema lile lile, kwa sababu nilimwahidi Mungu, na sijaona mahali alipoandika kwamba ahadi ina siku zake za kupumzika. Lakini ninapoomba, bado namuuliza Mungu kwa nini swali lile aliniachia mimi, na kwa nini Bwana Shauri, ambaye askari wake waliwatoa ng'ombe wa watu zizini, hakuulizwa na mtu yeyote.